Mkono Mbele ya Mdomo

Tunaye rafiki yetu mmoja, mwenyeji wa Maji ya Chai, ambaye tumefahamiana naye miaka mingi wala hatujapata kumwona akicheka bila kuinua mkono. Ukija mzaha mzuri, nao nyumbani kwake haukosekani, mkono wa kushoto hupanda wenyewe hadi mdomoni. Siku ya harusi ya binti yake mpiga picha alimsihi mara tatu, "Mzee, cheka kidogo!" Mzee akabana midomo. Picha ile ingali ukutani: bibi harusi amefurahi, mama yake amefurahi, na baba yu kama mtu asomewaye hukumu.

Wasomaji wetu wa Arusha na Meru hawana haja ya kuelezwa sababu. Kwa walio mbali twasema hivi: meno yake yana rangi ya kahawia, kama yalivyo meno ya wenzetu wengi waliokulia penye maji ya mlima huu. Si sigara, si ugoro, wala si uvivu wa kupiga mswaki. Mlima Meru ni volkano, na maji yapitayo katika mawe yake huyeyusha madini yaitwayo floraidi. Kiasi kidogo cha madini hayo hulinda meno, kikizidi huyaharibu. Mtoto akinywa maji hayo miaka ile meno yake ya ukubwani yanapojengeka ndani ya ufizi, alama huingia humo humo, na yakishaota hakuna mswaki uwezao kuifuta.

Mwenyeji wa huku ana maudhi yake madogo ya kila siku: vumbi la kiangazi, tope la masika, na wale vijana wa Mnara wa Saa wanaotuuzia picha za simba kana kwamba sisi nasi ni watalii. Hayo twayazoea. Hili la meno halizoeleki. Mwezi uliopita tulipanda daladala pamoja na rafiki yetu kutoka Usa River kwenda mjini. Abiria mmoja, kijana aliyevaa vizuri, mgeni wa huku, akamwuliza kwa sauti ya kusikiwa na gari zima kama miswaki bado haijafika kwetu. Mzee akamjibu kwa upole, "Imefika, mwanangu, nami nimekwisha kuichakaza mingi." Gari lote likacheka, na kijana naye akacheka. Lakini sisi tuliokaa karibu naye tuliuona ule mkono ukipanda.

Sisi si maadui wa utani. Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana hata matangani, na nchi hii imefaidika sana kwa desturi hiyo. Lakini mtani humjua amtaniaye, na siku ya msiba huwa wa kwanza kufika. Kijana yule hakumjua mzee. Tena tuna hakika kwamba jina la Arusha likitajwa mbele ya wageni yeye hujivuna, maana ndipo lilipopitishwa Azimio la mwaka 1967, na ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kujivunia mji na kumcheka mtu kwa kuwa alikunywa maji yake hakupatani.

Lakini tutakosea tukidhani kwamba jambo hili ni la sura tu. Floraidi ikizidi sana huingia mifupani, na wako watoto wa huku waliokua na miguu iliyopinda. Kwa miaka mingi kipimo kilichoruhusiwa nchini kilikuwa miligramu 4 kwa lita. Sasa ni 1.5, sawa na kile cha Shirika la Afya Duniani. Mama achemshaye maji kwa uangalifu huua vijidudu, na afanya vyema, bali floraidi hubaki, na maji yapunguapo huzidi kukolea. Hata magadi tuyatiayo katika makande yaive upesi huweza kuwa na madini yale yale.

Dawa zipo. Pale Ngurdoto Serikali ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, ambapo maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo huchoka, hauna budi kubadilishwa. Jiji nalo limepata mradi mkubwa wa maji kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Swali letu ni la vijijini, ambako mama huchota palipo karibu. Chemchemi mbili za jirani zaweza kutofautiana sana, na kwa jicho zote mbili ni safi. Twataka kila chemchemi na kila kisima kipimwe, na jibu liandikwe hapo hapo kwa Kiswahili, mahali ambapo kila mchotaji ataliona.

Rafiki yetu hakungoja. Alipozaliwa mjukuu wake alitia michirizi kwenye bati la nyumba na kununua tangi, kwa kuwa maji ya mvua hayajapita katika mawe, na mtoto yule hunywa hayo tu. Sasa ana miaka sita. Juzi alitukimbilia akapanua kinywa kutuonyesha pengo la jino lililong'oka. Babu yake akainama akachungulia kwa muda mrefu. Jino jipya lilikuwa halijachomoza.