Jinsi Kompyuta Itafutavyo Ghala Lake

Mtu afikaye Temeke kwa mara ya kwanza, naye anatafuta nyumba ya fundi cherehani, hana budi kuuliza. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo.

Katika ofisi nyingi mafaili huwekwa katika sanduku moja lenye diski, lililo kama ghala la wote. Kompyuta mpya ikiunganishwa na mtandao wa ofisi, haijui ghala hilo li wapi. Basi huita: “Ni nani hapa atunzaye mafaili?” Wito huo, ambao kanuni zake zilitolewa mwaka 2013, hupelekwa kwenye anwani 224.0.0.251. Printa hunyamaza, maana swali haliihusu. Ghala hujibu, likitaja jina lake na anwani yake. Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Anwani huweza kubadilika, kama mpangaji ahamavyo chumba. Jina ndilo la kushika.

Lakini wito huo hauvuki mlango wa mtandao. Ruta, ambayo ndiyo bawabu, huuzuia. Kama kila wito ungepita, njia zingejaa kelele tupu. Kwa hiyo kompyuta iliyoko Temeke haiwezi kuliita ghala lililoko Kinondoni, hata ikiwa ofisi zote mbili ni za bwana mmoja. Sharti ipewe anwani.

Tena chombo chochote huweza kuitikia, “Ndimi ghala,” hata cha mwizi. Ndiyo sababu, penye uangalifu, kompyuta na ghala huthibitishana kwanza kwa neno la siri, kabla ya kupeana hata herufi moja.