Sifa katika ndoto ya Chaucer na katika picha za Mfalme Richard II

Neno la Kilatini fama lina maana mbili, nasi kwa Kiswahili sherti tulipe maneno mawili: uvumi na sifa. Sisi tuliosoma Virgilius seminarini tunamjua huyo Fama: macho, ndimi na masikio yake ni mengi kama manyoya yake. Kwanza ni mdogo, halafu anakanyaga nchi na kichwa chake kinafichwa na mawingu.

Picha hiyo ilidumu miaka zaidi ya elfu, ikamfikia Geoffrey Chaucer, msimamizi wa ushuru wa sufu katika bandari ya London tangu mwaka 1374. Katika shairi lake juu ya Jumba la Sifa anasimulia ndoto. Tai alimchukua angani mpaka karibu na jumba lililo juu ya mwamba. Alipotazama vizuri, kumbe si jiwe, ni barafu! Majina ya watu mashuhuri yaliandikwa humo. Upande wa jua yalikuwa yameyeyuka, hayasomeki tena. Upande wa kivuli cha jumba yalibaki safi kama yaliandikwa siku ile. Angalieni: tofauti haikutoka kwa matendo ya watu, ilitoka kwa pahali jina lilipoandikwa.

Ndani anakaa Bibi Sifa kama malkia, na makundi tisa yanakuja kumwomba. La kwanza walitenda mema. Akawakatalia, bila sababu. La pili walitenda mema vilevile. Akaamuru wasingiziwe, na tarumbeta nyeusi ikapigwa, ikitoa moshi wenye kunuka. La tatu, wema kama wale, wakapigiwa tarumbeta ya dhahabu. Baadaye walifika wavivu wasiofanya kitu: wakapewa sifa ya mashujaa. Wavivu wenzao waliofuata wakachekwa. Mwamuzi gani huyu! Lakini wakubwa wanamtegemea, yeye pamoja na washairi: Chaucer aliwaona Homer na Virgilius wamesimama juu ya nguzo, wakichukua sifa za wengine.

Chaucer aliwajua wafalme kwa karibu. Richard II alipata ufalme mwaka 1377, mtoto wa miaka 10, akapenda sana kuonekana. Picha yake kubwa, amekaa kitini na taji kichwani, ingali katika Westminster Abbey. Katika picha nyingine, iitwayo Wilton Diptych, anapiga magoti mbele ya Bikira Maria na Mtoto Yesu. Ibada njema, bila shaka. Lakini malaika wote 11 wamevaa nembo ya mfalme, ayala mweupe, kama watumishi wa nyumba yake! Hapo, kwa maoni yangu, mchoraji alipita kiasi.

Mwaka 1399 binamu yake Henry alimnyang'anya ufalme, naye Richard akafa kifungoni mwaka 1400. Chaucer pia alifariki mwaka huo. Shairi lake halikumalizika: mwishoni anatokea mtu mmoja aonekanaye kuwa mwenye mamlaka makubwa, na kabla hajatajwa jina, maneno yanakatika.