Sinema yenye kutufikirisha: «Ladha ya Simenti»

Wengi wetu, tukisikia neno sinema, tunawaza mambo mawili: ama hadithi ya kutungwa yenye watu wa kuigiza, ama habari za ulimwengu yenye msemaji wa kueleza kila kitu. Lakini iko namna ya tatu. Mtengenezaji anakamata picha za kweli, anaziweka moja kando ya nyingine, halafu anatuachia sisi kazi ya kuzifikiri. Tunaweza kuiita insha ya sinema.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2017 Ziad Kalthoum, mtu wa Siria, alitoa sinema Taste of Cement, maana yake «Ladha ya Simenti». Mwaka ule ule ilipata zawadi kubwa huko Nyon, katika Uswisi.

Mahali pake ni Beirut, mji mkuu wa Lebanoni. Mji huo ulibomolewa sana na vita vya wenyewe kwa wenyewe, tangu 1975 mpaka 1990, kisha ukajengwa upya. Tunaona wafanyakazi wa Siria wakijenga nyumba ndefu ya orofa nyingi. Mchana wako juu kabisa, wanaona mji wote na bahari. Jioni amri inawakataza kutembea mjini. Basi wanashuka kwa tundu, wanalala chini ya jengo lile lile. Humo wanatazama picha za miji ya kwao inayobomolewa kwa mabomu.

Sasa tuangalie namna ya kazi yenyewe. Wafanyakazi hawaulizwi neno. Sauti moja tu inasimulia habari za mtoto ambaye baba yake alikuwa mjenzi huko Beirut, akarudi nyumbani na harufu ya simenti mikononi. Picha ya mashini ya kuinua vyuma inafuatwa na picha ya kifaru cha vita, na vyote viwili vinageuka polepole namna moja. Hakuna anayetuambia: «Hawa wanajenga mji wa wengine, na miji yao inaanguka.» Tunalivumbua wenyewe, na kwa sababu hiyo halitutoki upesi. Simenti ni moja: ikisimama ni nyumba, ikianguka ni kaburi.

Lakini hatari iko. Picha hizo ni nzuri mno. Mtu aweza kusifu uzuri wake na kuwasahau watu. Tena wafanyakazi wale hatujui hata majina yao. Kweli, ukimya wao unaonyesha namna mji unavyowahesabu: mikono ya kazi, bila sauti. Lakini mtazamaji asiyeambiwa kitu aweza kuuzoea ukimya huo.

Kwa hiyo anayewaonyesha wengine sinema ya namna hii asikimbilie kutoa fundisho. Taa zikiwashwa, aulize kwanza: Tumeona nini? Tumesikia nini? Nani hakusema neno, na kama angesema, angetuambia nini? Asubiri majibu, hata yakikawia.