Siri ya Mgonjwa Katika Zama za Akili Unde: Wanawake Waliotangulia na Maana ya Kazi Yao kwa Karagwe na Kyerwa

Pembezoni mwa Wilaya ya Kyerwa, mahali ambapo Mto Muvumba unaungana na Mto Kagera, hukutana nchi tatu: Tanzania, Rwanda na Uganda. Wakazi wa eneo hilo huvuka kwa ajili ya soko, harusi na matibabu, na simu zao huvuka pamoja nao. Mama anaweza kupimwa katika zahanati ya upande mmoja, akatumia laini iliyosajiliwa upande wa pili, na majibu yake yakapokelewa na ndugu aliye Kampala au Kigali. Nani anawajibika kuitunza siri ya mama huyo? Miaka michache iliyopita swali hilo lilikuwa gumu kulijibu. Leo nchi zote tatu zina sheria ya kulinda taarifa binafsi, na katika eneo hili wanawake wameshika nafasi za mbele katika kuziweka sheria hizo na kuzisimamia.

Kwanza yafaa maneno mawili yafafanuliwe. Taarifa binafsi ni taarifa yoyote inayoweza kumtambulisha mtu: jina, namba ya simu, picha, kijiji, namba ya kadi ya kliniki. Taarifa za afya huhesabiwa miongoni mwa zile nyeti, zinazohitaji ulinzi wa juu zaidi. Akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, ni programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na wingi wa mifano, kisha zikatoa jibu kama vile zimefikiri: kusoma picha ya eksirei ya kifua, kutafsiri sauti, au kujibu swali la mgonjwa. Mifano hiyo hutoka kwa watu. Kwa hiyo anayezungumzia usimamizi wa akili unde hawezi kukwepa kuzungumzia taarifa za watu hao.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilitiwa saini na Rais Samia Suluhu Hassan na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Yeye ndiye pia aliyeizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tarehe 3 Aprili 2024. Ng'ambo ya mto, Paula Ingabire amekuwa Waziri wa TEHAMA na Ubunifu wa Rwanda tangu mwaka 2018, na ni katika kipindi chake serikali ya nchi hiyo iliidhinisha sera ya taifa ya akili unde, Aprili 2023. Uganda ilipitisha sheria yake mwaka 2019, na ofisi inayoisimamia ilipoanza kazi iliongozwa na mwanasheria Stella Alibateese.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi kwa vituo vya afya, hata hivyo, unatoka Kenya. Immaculate Kassait aliapishwa kuwa Kamishna wa kwanza wa Data wa nchi hiyo Novemba 2020. Septemba 2023 ofisi yake ilitangaza kuitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe shilingi 1,850,000 kwa kuiweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Waliotozwa hawakuwa wezi wa mtandaoni. Walikuwa watu wa kawaida waliopiga picha nzuri wakaiona inafaa kutangaza shughuli zao. Mhudumu anayempiga picha mtoto mchanga wodini na kuiweka mtandaoni ili kusifu huduma ya kituo chake anatenda jambo lile lile, na nia yake njema haimwondolei mama haki ya kuulizwa.

Kagera ina sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, wakati Kyerwa ilipokuwa bado sehemu ya Karagwe. Katika miaka iliyofuata, kuonekana tu kwenye njia ya kuelekea hospitali kulitosha kuzua maneno kijijini. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu VVU na UKIMWI iliamuru majibu ya kipimo yawe siri. Mkoa ulikumbushwa thamani ya siri hiyo ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa Bukoba Machi 2023, na tena Biharamulo Januari 2025. Orodha za watu waliokutana na wagonjwa ni nguzo ya kuzuia mlipuko, lakini orodha kama hiyo ikipigwa picha na kusambazwa, watu wanaofuata hujificha badala ya kujitokeza. Kuvuja kwa taarifa basi ni tatizo la tiba, kabla hata halijawa tatizo la sheria.

Njia za kuvujia ni nyingi, na nyingine ni za nia njema kabisa. Tangu mwaka 2012 huduma ya ujumbe mfupi ya Wazazi Nipendeni imewafikia wajawazito wengi kwa namba 15001. Ujumbe wa kukumbusha siku ya kliniki ni msaada mkubwa, ila simu katika kaya nyingi ina wasomaji zaidi ya mmoja. Kabla ya kuandika namba ya mgonjwa katika rejesta, inafaa aulizwe: simu hii ni ya nani, na ni nani mwingine huisoma? Ujumbe wa kumkumbusha anayetumia dawa za kufubaza VVU usitaje CTC wala dawa. Siku na saa vinatosha. Vivyo hivyo kwa mfumo wa m-mama, unaowaita kwa namba 115 magari ya wagonjwa na madereva wa jamii kumwahisha mjamzito au mzazi aliyepata dharura. Dereva anahitaji kujua mahali pa kumchukua na pa kumpeleka; historia ya ugonjwa inapaswa kubaki kwa wahudumu wanaompokea.

Kisha yako makundi ya WhatsApp ya wahudumu wenyewe. Tabibu wa zahanati ya mbali akimwuliza daktari wa wilaya kuhusu upele au kidonda, mgonjwa hunufaika, na itakuwa kosa kuyakataza mashauriano hayo kwa kuogopa sheria. Yatosha kumweleza mgonjwa na kupata ridhaa yake, kupiga picha ya sehemu inayouma pasipo uso, kuacha jina na namba ya jalada, kumtumia anayehusika peke yake badala ya kundi la watu 60, na kuifuta picha shauri likishapatikana. Simu nyingi huhifadhi kila picha mara mbili, kwenye albamu ya mwenye simu na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hiyo ya pili husahaulika.

Programu za akili unde zimeongeza mlango mwingine. Mhudumu anayeandika kisa cha mgonjwa katika programu ya maongezi ili apate ushauri huenda amekipeleka kisa hicho kwenye kompyuta zilizo ng'ambo ya bahari. Akiandika umri na dalili bila jina, kijiji wala kadi, madhara yanapungua. Lakini lipo pia suala la usahihi wa jibu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini, mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walipima programu za kutambua jinsia kwa kuangalia uso. Katika mojawapo, makosa kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifikia asilimia 34.7, kwa wanaume weupe yalikuwa asilimia 0.3. Huenda programu hizo zilikuwa zimefunzwa zaidi kwa nyuso za watu weupe. Programu ya kutambua magonjwa ya ngozi iliyolelewa kwa picha za namna hiyo inaweza kukosea vivyo hivyo kwa mgonjwa wa Kayanga.

Lugha nayo ina upungufu wake. Mtanzania Rebecca Ryakitimbo na Mkenya Kathleen Siminyu ni miongoni mwa waliofanya kazi katika mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti za Kiswahili, na suala la kuhakikisha kuwa sauti za wanawake hazisahauliki lilipewa uzito wake humo. Bibi wa Karagwe anayechanganya Kiswahili na Runyambo bado yuko mbali na mikusanyo ya aina hiyo. Mpaka afikiwe, mkalimani wake bora ni muuguzi anayetoka kijiji cha jirani.

Usalama wa mtandaoni una sura nyingine tena, inayofika kituoni ikiwa imevaa dalili za kukosa usingizi, kuumwa kichwa, au binti kukataa kurudi shuleni. Taasisi ya Pollicy ya Kampala, iliyoanzishwa na Neema Iyer, ilichapisha mwaka 2020 utafiti uliohoji wanawake zaidi ya 3,000 katika nchi 5 za Afrika, zikiwemo Uganda na Kenya. Zaidi ya robo yao walikuwa wamekumbana na ukatili mtandaoni. Sasa akili unde inaweza kutengeneza picha ya utupu ya mtu ambaye hakuwahi kupigwa picha hiyo, kisha ikatumiwa kumtishia ili atoe fedha. Swali la "kwa nini ulituma?" humfunga mdomo mhanga, na mara nyingine hakutuma chochote. Asaidiwe kutunza namba za waliomtishia, tarehe na jumbe zenyewe kabla hazijafutwa, apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kama ni mtoto ipigwe namba 116. Picha yenyewe isisambazwe kwa mtu mwingine, hata kwa kisingizio cha kuomba ushauri.

Mgonjwa naye ana haki za kudai. Anaweza kuuliza taarifa zake zinaandikwa wapi na kwa kusudi gani, na kuomba zilizokosewa zisahihishwe. Sheria ya mwaka 2022 inampa pia kinga dhidi ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Juni 2021, lilisisitiza kwamba uamuzi wa tiba ubaki mikononi mwa binadamu. Programu ikisoma eksirei na kusema mtu ana kifua kikuu, mgonjwa ana haki ya kuuliza ni mhudumu gani aliyeitazama picha hiyo, na mhudumu huyo anapaswa kuwepo ili ajibu.