GPA Ndogo na Maombi ya Uzamili wa Sayansi

Wahitimu wa fizikia, kemia na biolojia huniuliza: nina GPA ya 2.9, niifiche au niieleze? Kuificha haiwezekani. Transkripti inasema yote, hata sapu ya mwaka wa kwanza.

Kwanza angalia kipimo. Tanzania tunahesabu kwa 5.0, ambapo daraja la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4, na vyuo vyetu vingi hupokea mwombaji wa uzamili kuanzia hiyo 2.7. Marekani hutumia 4.0, na idara nyingi hutaka angalau 3.0. Ukijaza 3.4 pasipo kutaja kwamba ni kati ya 5.0, msomaji wa kule ataiona kubwa kuliko ilivyo, na akishafungua transkripti atadhani ulitaka kumhadaa. Wala usijigeuzie alama mwenyewe. Chuo kikitaka zigeuzwe, kitakuelekeza kwa wanaofanya kazi hiyo.

Kwenye kueleza ndiko wengi wanakojiharibia. Ukurasa mzima wa bumu lililochelewa, malaria na mhadhiri mwenye chuki humchosha msomaji. Sentensi tatu zinatosha: kilichotokea, kilidumu muda gani, na alama zilikuwaje kilipokwisha. Aliyefiwa na baba mwaka wa pili akalazimika kusimamia duka la familia, aseme hivyo, kisha aonyeshe A na B+ za mwaka wa tatu. Mhadhiri usimguse, hata kama kweli alikuonea. Na kama huna sababu yoyote ila uzembe wa ujana, kwa maoni yangu nyamaza, uache kazi zako zikusemee.

Kamati ya sayansi haitafuti wa kumhurumia. Inatafuta mtu atakayerudia jaribio lililogoma wiki nzima bila kukata tamaa, na mtihani wa saa tatu haupimi hilo vizuri. Mradi wako wa mwaka wa mwisho unapima. Mwaka mmoja wa kufanya kazi maabara, tuseme Taasisi ya Afya Ifakara au KEMRI kule Kenya, unapima zaidi. Eleza ulichokifanya kwa mikono yako: sampuli ulizochakata, mashine uliyoendesha, programu uliyoandika, kosa uliloligundua kwenye data. Tena alama hazina uzito sawa. C ya DS (masomo ya maendeleo) haimnyimi mtu usingizi. C ya kwanta kwa anayeomba fizikia ya nadharia itaulizwa, na dawa yake ni kusoma somo la juu zaidi la fani hiyo na kulifaulu vizuri.

Anayeandika barua ya mapendekezo anaweza kukusaidia kuliko unavyodhani. Mwombe azitaje alama zako na kusema alichokiona maabara, kwa kuwa maneno hayo yakitoka kwake huaminika zaidi. Akisitasita, tafuta mwingine.

Njia ndefu nayo ipo. Ufadhili wa Commonwealth wa Uingereza hutaka daraja la pili la juu, lakini hupokea la chini likiambatana na shahada ya uzamili inayohusiana na fani. Kwa hiyo uzamili uliousoma vizuri hapa nyumbani unaweza kukufikisha kwenye uzamivu nje.

Kabla ya kulipa chochote, iandikie idara uulize kama kiwango chao cha chini kinalegezwa. Ada ya maombi kwa kawaida hairudishwi.