Nafaka ya Ndege Isiwe Nafaka Yoyote Tu

Mteja akifika kwenye meza yangu hapa soko la Kilombero, Arusha, akasema nimpimie nafaka yoyote kwa sababu ni ya ndege wa uani, namwuliza kwanza: ndege gani? Wengine hushangaa. Lakini mimi nauza nafaka, na nyumbani nimetundika kibao cha chakula kwenye mparachichi, kwa hiyo nawaona walaji wa pande zote mbili. Chiriku na tetere hawali kitu kimoja, hata kama wametua tawi moja.

Tazama mdomo wa ndege kabla ya kuuliza bei. Chiriku, shomoro na kwera wana mdomo mfupi, mnene, uliochongoka mbele. Huo ni wa kupasua maganda ya punje. Uwele ndio chakula chao hasa: punje ni ndogo, haziwasumbui, na ukiwa mkavu unakaa muda mrefu bila kuharibika. Ulezi nao wanaupenda, ila mimi huuchanganya kidogo tu, maana upepo hauchelewi kuupeperusha na bei yake ni ya wenye kupika uji wa watoto. Tetere na njiwa hawapasui kitu. Wanameza punje nzima, kisha firigisi inasaga kwa msaada wa vijiwe walivyovimeza. Hao wape mtama, au mahindi ya kuparaza kama yale ya kuku, uyamwage chini mahali palipofagiliwa, pamoja na konzi ya mchanga wa chengachenga. Ukiwachanganyia wote kwenye kibao kimoja, wadogo wataurusha mtama nje wakitafuta uwele, na huo mtama utaoza chini kwenye unyevu.

Juni na Julai, baridi ya Arusha inapobana, naongeza alizeti. Sokoni utakuta ya aina mbili: ndogo nyeusi ya kukamulia mafuta, na kubwa yenye mistari. Chukua nyeusi. Ganda lake ni jembamba, na kiini kina mafuta mengi yanayompa ndege nguvu ya kuvuka usiku wa baridi. Maganda yafagie, kwa sababu yakilundikana yanadumaza majani na maua yaliyo chini yake.

Sasa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ndege wanapouawa na watu wenye nia njema. Mbegu ya kupanda iliyobaki msimu uliopita, ile iliyopakwa rangi ya waridi, nyekundu au kijani, usiiguse kwa kazi hii. Rangi ile ni alama kwamba imetiwa dawa. Vivyo hivyo nafaka iliyochanganywa na dawa ya unga ya kuzuia dumuzi na fukusi ghalani. Ndege mdogo ana mwili wa gramu chache. Kiasi kisichomdhuru ng'ombe kinatosha kumwua yeye.

Karanga nazo zina hatari yake. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, na uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Ndivyo sumukuvu ilivyogunduliwa. Ni sumu inayotengenezwa na ukungu, na haichagui mlaji: mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 nchini Kenya. Kukaanga hakuiondoi, na macho hayatoshi kuiona. Kwa hiyo karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya uvundo zitupwe mbali, wala zisigeuzwe sadaka ya ndege. Zilizo nzuri, wape bila chumvi.

Wali uliolala na mkate havifai kuwa chakula cha kila siku. Vinajaza tumbo bila kulijenga, na vinaita panya na kunguru. Waulize watu wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa. Kunguru wa Bara Hindi waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, na leo wanakula mayai na makinda ya ndege wetu kiasi kwamba mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa 1,000,000. Kuwarushia makombo ni kuwasaidia kuwamaliza hao unaowapenda.

Si kila ndege anakula punje. Pasa na shorewanda wape papai na ndizi iliyoiva sana, vipande vidogo, uondoe mabaki kabla ya jioni. Chozi anataka maji matamu ya maua. Unaweza kumtengenezea kwa sukari nyeupe kipimo kimoja na maji vipimo vinne, bila rangi wala asali, ukayabadilisha kila siku. Mimi naona afadhali umpandie mshubiri. Ukichanua, chozi anakuja mwenyewe, na hakuna chombo cha kuosha. Na kwera anayelisha makinda anahitaji wadudu kuliko uwele wangu, kwa hiyo ukiwa unapiga dawa bustani nzima, umemnyima chakula ambacho mimi siuzi.

Kindi ni mgeni mwingine, na wengi wananiuliza namna ya kumfukuza. Mimi simfukuzi, namtengea chake. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, hivyo anahitaji kitu cha kutafuna: karanga ndani ya ganda lake, mahindi kwenye gunzi, kipande cha nazi pamoja na kifuu. Viweke upande wa pili wa uwanja. Usimlishe mkononi, maana anang'ata vibaya. Akizidi kuvamia kibao cha ndege, changanya pilipili ya unga kwenye uwele. Kindi, kama sisi, anaungua. Ndege hausikii ule ukali kabisa. Ndiyo maana pilipili kichaa huota zenyewe chini ya miti: ndege wamezila na kuzidondosha pale. Wanasayansi wameeleza sababu yake: pilipili inaamsha kipokezi cha neva chenye kuhisi joto, na cha ndege hakiitikii. David Julius, aliyekigundua kipokezi hicho, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Kibao kioshwe kila wiki mbili, na mapema zaidi mvua zikinyesha, kwa sabuni kisha jiki kipimo kimoja kwa maji tisa, kikauke juani. Ukiona ndege amejikunyata, amefura manyoya na haruki unapomkaribia, acha kulisha kwa wiki mbili ili wengine watawanyike. Wenye kuku watundike kibao mbali na banda, kwa sababu mdondo na magonjwa mengine hupita kati ya ndege wa porini na wa kufugwa. Maji safi wekeni mwaka mzima, hasa Agosti hadi Oktoba.

Na ukienda sokoni, usione haya kumwambia muuzaji kwamba uwele unaotaka ni wa ndege, na usiwe na dawa. Chota kiganjani, unuse, uung'ate. Usioweza kuupika uji, usiununue.