Gole la Kuku Lina Habari za Nyumba

Jioni moja, katika boma lililo kando ya mto Tarach, Kakuma, mama mwenye nyumba alinichinjia jogoo. Kabla hajamtia kwenye maji moto, nilimwomba kitu.

"Mama, naomba gole lake."

"Msichana wangu, huko kwenu Lodwar gole huliwa?"

Nikamweleza kwamba sitaki kulila, nataka kulisoma. Akanisogezea sinia, akachuchumaa kando yangu tulisome pamoja.

Gole ni ule mfuko ulio shingoni mwa kuku, ambamo chakula hukaa kabla ya kushuka kwenye firigisi. Ukimchinja jioni, utakuta alichookota mchana. Nililipasua kwa wembe. Mlikuwa na punje za mtama, ambazo hazikufika kumi na tano nilipozihesabu, mchwa, vichwa vyao bado vigumu, mbegu ndogo za nyasi, mchanga, uzi wa gunia, na kipande cha nailoni ya buluu. Mama alizitenga zile punje kwa ncha ya kidole.

"Hizi zilianguka asubuhi nikipepeta," akasema. "Ndio mtama uliokuwa umebaki."

Jogoo aliyekuwa sufuriani alikuwa amenieleza hali ya jikoni kabla ya mwenyewe kutamka neno.

Njia hiyo sikuibuni. Wanaotafiti lishe ya kuku wa kienyeji huchunguza magole ili wajue ndege anayejitafutia hupata nini na hukosa nini. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, walichapisha matokeo yao kuhusu kuku wa kienyeji wa wiki 14 hadi 21. Waliona kwamba kuku wa umri huo hutoshelezwa na gramu 160 za protini katika kila kilo ya chakula. Sasa weka mtama kwenye mizani: kilo moja ina kama gramu 100. Gramu 60 zinazopungua ndizo kuku anazozifuata kwenye kichuguu. Ukimwona anachakura kutwa nzima, usidhani anazurura. Anatafuta protini ambayo mtama haukumpa.

Huku kwetu kuna jua pia. Njoro ni nyanda za juu, penye baridi. Lodwar iko chini, na joto la mchana hufika nyuzi 35 bila mtu kushangaa. Kuku hana jasho, hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi, na anayehema hali sana. Akila kidogo, kile kidogo lazima kiwe na nguvu zaidi, la sivyo hakui. Kuhema huko pia huvuruga madini ya damu yanayojenga ganda la yai, ndiyo maana msimu wa joto kali mayai hupasuka kabla ya kufika sokoni. Mimi kuku wangu huwapa chakula alfajiri na tena jua likishazama. Mchana wana kivuli na maji, na maji nayabadilisha kabla hayajachemka juani.

Kwa hiyo mchanganyiko uliopimwa Njoro hauwezi kuletwa hapa kama ulivyo. Inabidi upimwe upya kwenye jua letu. Tuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana mjini Lodwar. Swali hili ni la kwetu, na jibu lake linaweza kutafutwa hapa hapa.

Wako wanaoona utafiti wa kuku ni jambo dogo. Nawakumbusha daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Java, kuku wa maabara yake walilegea miguu wakawa hawasimami. Walikuwa wakilishwa makombo ya wali mweupe kutoka jikoni la hospitali ya jeshi. Alipokuja mpishi mpya, akakataa kuwapa kuku chakula cha askari, wakarudishiwa mchele usiokobolewa, na wakapona. Kumbe ugonjwa wa beriberi uliokuwa ukiua watu ulitokana na kukosa kile kilichotupwa pamoja na pumba za mchele. Kazi hiyo ilifungua njia ya kugunduliwa kwa vitamini, na mwaka 1929 Eijkman akapewa Tuzo ya Nobel. Kuku anayekula makombo ya watu hubeba habari za watu hao.

Na habari za Turkana ni nzito. Sisi ni watu wa mbuzi na ngamia. Kuku haswagwi kwenda malishoni, kwa hiyo wazee wengi hawakumhesabu kuwa mali. Ukame wa kati ya 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ikikosekana mfululizo, uliwamalizia wengi mifugo wakasogea karibu na mji na barabara. Aliyebaki bila mbuzi alianza na kuku wawili. Kakuma nako, tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo na Burundi wanaishi jirani na wenyeji. Mwenyeji huuza kuni na makaa, mkimbizi huishi kwa mgao, na mtama wa mgao huzunguka kati yao. Kuku wa pande zote mbili huokota punje zile zile zinazodondoka. Mgao ukipunguzwa, kinachodondoka nacho hupungua, na mayai yanaadimika hata kwa mama ambaye jina lake halimo kwenye orodha yoyote ya mgao.

Hapo ndipo nilipo na neno langu. Chakula cha kuku wa Turkana kisiwe kile ambacho mtoto anakingojea. Ushauri wowote unaomwambia mama anunue gorogoro mbili za mahindi awalishe kuku, wakati wanawe wamelala na uji mwepesi, ni ushauri mbaya hata kama hesabu zake ni sahihi. Tuanze na vile watu wasivyokula.

Tunavyo. Mti wa mathenge, ambao Waturkana wanauita etirae, ulipandwa huku miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukageuka jangwa la miiba. Maganda yake ni matamu, yana sukari na protini inayozidi kidogo ya mtama. Huko Baringo mti huo uliwaudhi watu hadi wakaishtaki serikali, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2006, na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda hayo akapelekwa mahakamani kama ushahidi. Kuku hana meno ya kung'oka, lakini mbegu ya etirae ni ngumu mno, lazima isagwe. Na ikishasagwa haioti tena, tofauti na ile anayoisambaza mbuzi kwenye kinyesi. Watafiti wa Egerton wamejaribu kupunguza mahindi na kuweka unga wa maganda hayo katika chakula cha kuku wa nyama. Kiasi cha wastani kinafaa. Ukizidisha, nyuzinyuzi humshinda kuku na uzito unashuka. Kwa hiyo etirae ichukue nafasi ya sehemu ya nafaka, isiwe chakula chote.

Protini iliyobaki iko katika Ziwa Turkana. Kule Kalokol, ufukweni mwake, wanawake hupasua samaki na kuwaanika juani, na vichwa na matumbo hutupwa. Vikikaushwa vizuri, kusagwa na kuchanganywa kwenye chakula, husaidia kuziba pengo la gramu 60. Wa mbali na ziwa ana mchwa. Wafugaji wa Burkina Faso hujaza chungu kinyesi na mabua yenye unyevu, wakakifunika juu ya njia ya mchwa, na asubuhi kifungua kinywa cha vifaranga kiko tayari.

Ila chanjo isisahauliwe. Ugonjwa wa kideri ukiingia bomani, lishe yote uliyohangaikia inazikwa kwa siku chache. Chanjo ya I-2 ilitengenezwa Australia ili istahimili joto la vijijini. Ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Na nafaka iliyoota ukungu usimpe kuku kwa kuwa watu wameikataa, maana sumukuvu huharibu ini lake kama la mtu.

Yule mama wa Tarach ana tetea wanne sasa. Mbuzi wakirudi bomani watakuwa wa mume, lakini kuku ni wake, na yai likiuzwa haombi ruhusa. Kwa ajili yake nasema na wewe mwanafunzi unayejiandaa kuja Turkana kutafiti kuku. Njoo, tunakuhitaji. Lakini kabla ya kufungua kompyuta yako, omba sinia, pasua gole moja, na umwulize mama mwenye nyumba kila punje iliyomo ilidondoka kutoka wapi.